Miwani ya Jicho Moja

Kioo cha kushoto kilipasuka Jumapili,
Lugano alipoikalia miwani akisaka soksi.
Fundi yuko Njombe, na Njombe ni nauli,
basi nasoma kwa jicho la kulia,
kidole kikitangulia kama fimbo ya kipofu.

Zamani nilikuwa mwepesi.
Sura nne kabla ya uji, Zaburi nikiwa nakoroga,
na kalenda ya usharika ukutani
nikiitia vema kwa kalamu nyekundu
kama karani wa pareto anavyohesabu magunia:
limeingia, limeingia, limeingia.
Mwaka ukaisha, Kitabu kikaisha.
Mchungaji akanipa mkono mbele ya watu.
Ungeniuliza nimekula nini, ningekuonyesha sahani.

Sasa ni Juni, Makete.
Umande umeganda juu ya majani ya viazi,
bomba la uani limekataa kutoa hata tone.
Nimewasha jiko la mkaa, nimejifunga blanketi la marehemu,
nimefungua pale penye kisima:
mchana, jua la utosi, wanafunzi wamekwenda kununua chakula,
na kidole kimefika kwenye neno
kikagoma.

Amechoka.

Nilidhani ni kioo. Nikasogeza taa.
Amechoka.
Nimepita hapa mara ngapi, mbio mbio, nikiwahi maji ya uzima,
nikamruka aliyeketi
kama tunavyowaruka wagonjwa waliolala koridoni?

Jumatatu nililitamka polepole: a-me-cho-ka.
Silabi nne, hatua nne za mtu mwenye vumbi.
Jumanne nilikwenda nalo shambani
chini ya ulimi, kama kokwa la fyulisi,
nikipalilia, nikilizungusha; tamu halina, na haliishi.

Jumatano hakuna kitu. Nisidanganye.
Nilikaa nikafikiria bei ya lumbesa,
nikafikiria sare za shule, na mguu wangu huu,
nikasinzia.
Neno likabaki pale pale, wala halikuniamsha.

Alhamisi nilikasirika.
Nikamwambia: Wewe unachokaje?
Mimi nimezika watatu kwenye mteremko ule wa mikaratusi,
nimelea waliobaki,
nani aliwahi kuniuliza habari za magoti yangu?
Nikangoja jibu.
Mkaa ukaalika mara moja, basi.
Lakini sikuinuka.
Na hapo, sijui niseme vipi,
ukimya ulikuwa na uzito upande mmoja,
kama benchi linavyoinama kidogo
mwenzio anapokaa.

Leo sijaomba kitu.
Nimeleta kigoda cha pili karibu na jiko,
nikaona haya, mtu mzima mimi,
nikakiacha hapo hapo.
Tumekaa.
Jua limegusa bati, paa linadondosha barafu yake tone tone,
bomba limeanza kukohoa.
Ndoo iko mlangoni, mdomo wazi. Itangoja.

Lugano ametoka chumbani na soksi moja,
ameinama juu ya bega langu, pumzi yake ya usingizi shingoni.
"Bibi, ukurasa ule ule tangu Jumatatu?
Umeshindwa kusoma?"

Nimemsogezea uji.
Alipotaka kukalia kigoda nikamshika mkono.
"Kaa huku kwangu," nikamwambia.
"Bado hajanyanyuka."